Ushuhuda Nilioutoa Mapema

Nywele zangu zimerudi. Zimeota laini kama za kichanga, na mume wangu anasema nimepewa nywele za mtu mwingine. Namwambia ashukuru kichwa ni kilekile. Nilijiapiza kwamba siku nitakaposhika chanuo tena nitaandika mambo haya, kwa ajili ya mtu aliyeketi leo kwenye benchi la kliniki na ana jambo ambalo hajamwambia yeyote. Sitakueleza habari za damu na chembechembe. Hayo muulize daktari, yeye ndiye aliyesomea. Mimi nitakueleza jinsi nilivyokaribia kufa kwa sababu ya ushuhuda.

Naitwa Nakunda, lakini kijijini kwetu, huku milimani juu ya Same, wananiita Mama Nietiwe. Nalima tangawizi, naimba sauti ya pili kwenye kwaya ya usharika, na nina mdomo. Mambo hayo matatu hakuna asiyeyajua huku kwetu.

Uvimbe niliuona wakati wa vuli, tukipanda mahindi. Ulikuwa upande wa kushoto wa shingo, mdogo kama punje ya kunde, hauumi. Mahindi yalipofika magotini ulikuwa kama kitunguu, na mwenzake ameota chini yake. Nikawa naloa jasho kila nikilala, mpaka Baba Nietiwe anaanika godoro asubuhi kama la mtoto anayekojoa. Kola ya sare ya kwaya ikakataa kufunga. Nikaanza kuvaa skafu ya bluu shingoni, na kwa kuwa kwetu kuna ukungu na baridi, nani angeuliza?

Hospitalini Same walikata kipande cha uvimbe, wakakipeleka kupimwa, jibu likarudi: saratani ya tezi. Tukapelekwa Moshi. Daktari alieleza mambo mengi, mimi nilikuwa natazama kalamu yake. Mume wangu, Mbonea, ambaye maneno yake ya wiki nzima yanatosha kwenye kiganja, aliuliza swali moja tu.

"Tuje lini?"

"Kila baada ya wiki tatu," daktari akasema. "Dripu nane."

Kuanzia hapo sikuhesabu miezi tena. Nilihesabu dripu.

Kwenye benchi la kliniki nilimkuta Bi Salma wa Kileo, mama wa Kiislamu mwenye chupa ya chai na maneno kunizidi. Siku ya kwanza alinitazama nikitetemeka akasogeza mkoba wake. "Keti hapa, mama wa milimani. Hiyo dawa nyekundu usiitazame inapoingia. Nitazame mimi, mimi ni mbaya zaidi." Nikacheka, na ilikuwa miezi miwili sijacheka. Nilikuwa nampelekea tangawizi, naye alinipa kikombe cha kwanza cha chai iliyotokana nayo. Alikuwa na tasbihi, mimi nina kitabu cha nyimbo, na tukiitwa tulikuwa tunaombeana kila mtu kwa namna yake.

Dripu ya kwanza ilichukua nywele. Ya pili ilichukua ladha. Hata kande, chakula nilicholelewa nacho, kilikuwa na ladha ya msumari. Lakini uvimbe uliyeyuka. Sisemi ulipungua. Baada ya dripu ya tatu nilipapasa shingo mbele ya kioo na sikukuta kitu. Nililia, nikamwita Mbonea apapase, naye akapapasa pole pole pande zote mbili, akatoka nje. Nilimsikia akipenga kamasi nyuma ya banda la mbuzi.

Jumapili iliyofuata ilikuwa Pasaka.

Mchungaji wetu ni kijana kuliko binti yangu, na hunipa shikamoo kabla ya kunipa Bwana asifiwe. Baada ya kwaya kuimba aliuliza kama kuna mwenye ushuhuda. Sikupanga. Miguu ilisimama yenyewe. Nilikwenda mbele nikashika kipaza sauti, nikavua ile skafu mbele ya kanisa zima.

"Bwana Yesu asifiwe!"

"Amina!"

"Nasema Bwana Yesu asifiwe! Mnaiona hii shingo? Yesu ameniponya. Kabisa! Sina ugonjwa tena!"

Kanisa lililipuka kwa vigelegele. Akina mama walinifunga vitenge, wazee wakasimama. Ni furaha ambayo sikuwahi kuipata na sitaki kuisema vibaya hata leo, kwa kuwa ilikuwa furaha ya kweli. Kosa lilikuwa kwenye lile neno ‘kabisa’. Hakuna daktari aliyelitamka. Nililitia mwenyewe, kama mtu anayeongeza chumvi kwenye chungu ambacho hakukipika.

Dripu ya nne ilikuwa Jumanne baada ya Pasaka. Jumatatu jioni Mbonea alitoa begi chini ya kitanda. Nikamuuliza anakwenda wapi.

"Si kesho ni kliniki?"

"Kliniki ya nini? Baba Nietiwe, jana nimesema mbele ya madhabahu nimepona. Kesho watu wanione napanda gari la Same na begi la hospitali? Watasema Mungu wangu amedanganya."

Akalirudisha lile begi chini ya kitanda. Nimemlaumu sana kwa hilo, kisha nikamsamehe. Mke wake alikuwa amemweka upande mmoja na Mungu upande wa pili, angefanya nini?

Bi Salma alipiga simu. "Kiti chako nimekiwekea mkoba," alisema. Nikamwambia nimepona kwa jina la Yesu. Akasema, "Alhamdulillahi. Lakini daktari anakuulizia." Mara ya pili alipopiga, sikupokea.

Masika ilipita nikiwa mzima. Nililima, niliimba, nilialikwa sharika mbili kusimulia. Kisha ukaja ukungu wa Juni, na asubuhi moja nikiwa nanawa uso, vidole vilikuta kitu. Punje ya kunde. Mahali palepale.

Nataka kusema wazi nilichohisi, maana wenye aibu kama yangu hudhani wako peke yao. Sikuogopa kifo kwanza. Niliogopa watu. Niliona nyuso zao za Pasaka, vitenge, wazee waliosimama. Nikawaza wale vijana wawili walioanza kuja ibadani kwa sababu ya shingo yangu. Nikafungua kabati nikatoa skafu ya bluu.

Nikawa naomba kwa hasira. Nilikuwa namkumbusha Mungu kwamba ni jina lake liko hatarini, si langu. Nilifunga siku tatu, na mwili usio na kitu ukazidi kuisha. Mbonea akiniambia, "Mama Nietiwe, twende basi Moshi," namjibu, "Unataka kumwaibisha Mungu?" Baada ya mara ya tatu aliacha kusema. Tukawa tunakula bila kuongea, yeye kande, mimi uji, nikisingizia jino. Nyumba ya watu wawili isiyo na maneno ni pana mno, inafaa kufanyiwa mkutano.

Agosti pembe ilipigwa kuita msaragambo. Kwa asiyejua, msaragambo ni kazi yetu ya pamoja Wapare: pembe ikilia asubuhi, kila nyumba inatoa mtu na jembe, iwe ni barabara, shule, au kuzibua ndiva, bwawa letu la kumwagilia mashamba. Tangu niolewe sijawahi kukosa. Siku ile nilikosa. Kuchimba tope na skafu shingoni, jasho linatoka, ningeonekana. Nilibaki ndani nimefunga mlango, nasikia majembe na vicheko vya wenzangu bondeni, nikajiona nimeshazikwa.

Septemba binti yangu Nietiwe alipanda kutoka Same mjini, ambako anafundisha shule ya msingi. Alinitazama nikinywa uji.

"Shikamoo mama. Mbona unahema?"

"Marahaba. Ni kile kilima cha kisimani."

"Mama, vua skafu."

"Kuna baridi."

"Mama, tafadhali, vua skafu."

Nilimwambia aheshimu imani ya mzazi wake. Hakunigusa. Alikaa kwenye kigoda akalia kwa kwikwi kama alipokuwa na miaka sita, akachukua mkoba, akashuka mlima bila kuniaga. Katika yote niliyopoteza mwaka ule, nywele na kucha na nguvu, hakuna kilichoniuma kama mgongo wake ukiishia kwenye migomba.

Mwisho ulikuja Oktoba, kabla ya mvua. Ilikuwa zamu yetu ya maji, Mbonea amekwenda kufungua ndiva, mimi naelekeza mfereji kwenye tangawizi. Niliinama, pumzi ikagoma. Haikuwa maumivu. Hewa ilikuwapo, mimi sikuifikia. Nikaanguka uso karibu na mfereji, maji yanapita pembeni ya mdomo wangu. Pale chini sikuwa na sala ndefu. Nilisema, "Bwana, unaniona." Hayo tu, tena ndani ya kichwa, kwa kuwa sauti haikutoka. Sikusikia jibu lolote. Nisikudanganye kwamba nilisikia. Lakini kwa mara ya kwanza tangu Juni nilikuwa nimemwambia Mungu jambo lisilo na uongo ndani yake, na kifua kikafunguka kiasi cha kuita.

Mbonea alinikuta nimekaa kwenye tope. Nikamwambia, "Baba Nietiwe, uvimbe umerudi."

"Najua."

"Tangu lini unajua?"

"Tangu Juni. Ulianza kufunga skafu kabla ya kuwasha moto."

Alinibeba mgongoni mpaka nyumbani. Nilikuwa mwepesi, alisema baadaye, kama kuni kavu.

Mvua ikaanza siku ileile. Vuli yetu ikikasirika haina mchezo. Siku ya pili kipande cha mlima kilishuka juu ya barabara, na gari la kunipeleka Same likaishia upande wa pili wa maporomoko. Nilikuwa nalala nimeketi, nimeegemea gunia la mahindi. Mbonea alitoka alfajiri bila kusema anakokwenda. Kulipopambazuka nikasikia pembe.

Nilidhani ni barabara, nayo kweli ilikuwa barabara. Ila uani kwangu waliingia wanaume sita na machela ya miti na blanketi, na mchungaji amekunja suruali mpaka magotini, jembe begani. Kina mama wa kwaya walikuwa nyuma yao. Wengine walishatangulia kukata njia kwenye maporomoko.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mchungaji." Sauti yangu ilikuwa ya kukwaruza.

Wakanilaza wakaniinua. Nilitazama mbingu zikipita, nikawatazama walionibeba, matope mpaka kiunoni, wameacha mashamba yao siku za kupanda, na mimi nimelala juu yao na uongo wangu shingoni. Tulipofika mahali wanapobadilishana, nikasema, "Jamani, niwekeni chini kwanza."

Wakaweka.

"Pasaka nilisimama nikawaambia nimepona kabisa. Hakuna daktari aliyesema hivyo. Dripu nimeacha mwenyewe. Uvimbe umerudi tangu Juni, na kila Jumapili nimekuja kanisani kuwadanganya kwa hii skafu." Nikaivua. Fundo likanishinda, mama mmoja wa kwaya akanisaidia.

Nilingoja washtuke. Hakuna aliyeshtuka. Mzee Eliapenda, ambaye ndiye msimamizi wa msaragambo wetu, alikuwa anakwangua tope kwenye jembe lake na kijiti.

"Mama Nietiwe," akasema, "tuliuona tangu kipupwe."

"Nani aliuona?"

"Sote."

Nikawatazama mmoja mmoja. Waliinamisha vichwa. Mama aliyenifungua fundo akasema, "Tulikuwa tunakusikia kwenye sauti ya pili. Pumzi yako iliisha katikati ya mstari."

"Mkanyamaza?" Nilipandwa na hasira ambayo sikujua nina nguvu ya kuibeba. "Nife hivi hivi, mkinitazama?"

"Tuliogopa," mzee Eliapenda akajibu. "Mtu angekuuliza, angeonekana ndiye asiye na imani. Kila mmoja akawa anamngojea mwenzake."

Miezi minne nilijificha kwa watu waliokuwa wananiona. Nililia kwa sauti, pale kwenye mvua, na nilikuwa na hasira na aibu na nafuu vyote kwa pamoja, wala sikuweza kuvitenganisha. Mchungaji akapiga magoti kwenye tope kando ya machela.

"Kosa ni langu pia, mama," akasema. "Nilikupa kipaza sauti, sikukuuliza daktari amesemaje. Kuna kipofu mmoja kwenye Injili aliyeguswa na Yesu mara mbili. Baada ya mara ya kwanza aliulizwa anaona nini, akasema kweli, kwamba bado haoni sawasawa. Hakumwonea Yesu haya. Ndiyo maana akaguswa tena."

Nimeimba kanisani tangu utoto na habari ya yule kipofu niliijua. Sikuwahi kufikiri kwamba alipona kwa sababu hakusema ‘nimepona kabisa’.

Wakaniinua tena.

Moshi hakuna aliyenigombeza. Ningependa wanigombeze. Daktari alipapasa shingo, akaandika, akasema, "Tutaanza upya, na dawa nyingine. Itakuwa ngumu kuliko ile." Kwenye benchi nilimtafuta Bi Salma. Nesi akaniuliza kama sikupata habari. Alifariki Agosti, akasema, na mpaka wiki zake za mwisho alikuwa anaweka mkoba kwenye kiti cha jirani. Nilikaa kwenye kile kiti. Sikumwomba msamaha akiwa hai na sitapata nafasi hiyo tena. Simu zake mbili bado ziko kwenye simu yangu, siwezi kuzifuta.

Dripu sita za dawa mpya zilinimaliza. Sikuweza kupanda mlima baada ya kila moja, kwa hiyo nililala kwa Nietiwe, Same. Alinipokea mlangoni na beseni la maji ya moto, akaniosha miguu kimya kimya. Tulikuja kuongea baada ya dripu ya pili. Joto la Same na ule upepo wa vumbi vilinikausha. Mdomo ulijaa vidonda, kucha zikawa nyeusi, nilikuwa natambaa kwenda chooni. Milima yetu ilionekana kutoka uani na sikuwa na nguvu ya kuitazama. Kuna mchana nilimwambia Mungu nimechoka naye. Nilimwambia kwa sauti, Nietiwe anasikia. Mtoto wangu hakunisahihisha. Alihamisha mkeka kufuata kivuli.

Jioni ileile simu iliita. Kwaya walikuwa mazoezini. Waliweka simu juu ya benchi wakaimba. Nilisikia sauti ya kwanza, ya tatu, na besi. Sauti ya pili hawakuimba. Waliacha pengo langu wazi, mstari baada ya mstari, na mimi nikiwa nimelala kwenye mkeka, midomo imepasuka, nikaanza kulijaza kwa kunong'ona. Nilifika nusu ya ubeti. Nikajua bado namtaka Mungu, hata kama nimechoka.

Hiyo ilikuwa dripu ya nne. Ya sita iliisha masika ikianza. Nilipanda nyumbani, na Mbonea akanionyesha tangawizi aliyoipanda peke yake, mistari imepinda. Nikamwambia imepinda. Akacheka mpaka akakaa chini, maana alijua nimerudi.

Sikukuu ya mavuno mchungaji aliniuliza faragha kama nataka kusema neno, akaniuliza pia daktari amesemaje. Nikasimama. "Bwana Yesu asifiwe. Leo nimekuja kanisani kwa miguu yangu. Uvimbe hauonekani. Baada ya miezi mitatu narudi kupimwa, na majibu siyajui. Niombeeni, na mkiona nimevaa skafu, niulizeni." Hapakuwa na vigelegele. Palikuwa na amina moja ndefu, ya chini, ambayo ilinishika kuliko vigelegele vyote.

Nimeshapimwa mara mbili tangu hapo na nimekutwa salama. Ya tatu ni Jumanne ijayo.

Juzi, katika hili jua la Januari, alikuja Nanzia, binti anayeimba jirani yangu kwaya. Alisema anaomba mbegu ya tangawizi. Alikuwa amevaa sweta zito lililofungwa mpaka juu, na ndoo aliishika kwa mkono wa kulia, ule wa kushoto ameubana kifuani kama anayeficha kifaranga.

"Hujambo, Nanzia?"

"Sijambo kabisa, mama. Shikamoo. Mungu ni mwema."

"Marahaba. Ni mwema, ndiyo." Nikamsogezea kigoda karibu na jiko. "Jumanne nashuka kliniki, na gari lina nafasi. Sasa nionyeshe."

Alitazama mlango. Nikaenda nikaufunga. Niliporudi alikuwa ameweka ndoo chini, na mkono wake wa kulia ulikuwa kwenye kifungo cha kwanza.